KULEHEMU: KUCHAGUA NA KUTUMIA VIFAA KATIKA KUTENGENEZA GITAA LA UMEME

Chukulia hali hii. Ni Ijumaa jioni Tengeru, na kwaya inaimba Jumapili. Gitaa la umeme linakwaruza. Ukigusa waya, sauti inakatika. Anayejua kulehemu atamaliza kazi kwa dakika chache. Asiyejua anaweza kuunguza kifaa ambacho hakipatikani duka la jirani. Maarifa yanayohitajika ni yale uliyokwisha kusoma darasani: joto, aloi, ukinzani na mkondo wa umeme.

Ufundi huu una wateja Arusha tangu zamani. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka Tanga, walipiga magitaa katika Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1971 na kuanzisha Simba Wanyika.

1. Maana ya kulehemu

Kulehemu ni kuunganisha metali mbili kwa kutumia metali ya tatu, yaani lehemu, ambayo huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Metali zinazounganishwa haziyeyuki. Hapa ndipo kulehemu kunapotofautiana na kuchomelea mageti, ambako kingo za chuma chenyewe huyeyuka. Shaba ya waya huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 za Selsiasi. Lehemu ya 60/40, yaani bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuwa kimiminika kamili kufikia nyuzi 190 hivi.

2. Kuchagua vifaa

(a) Pasi ya kulehemu. Kwa nyaya ndogo na tundu la kuchomekea waya wa gitaa, pasi ya wati 30 hadi 40 inatosha. Kwa waya wa ethi unaolehemiwa mgongoni mwa potenshiometa (kirekebisha sauti), wati 60 ni bora, kwa sababu kasha lake la chuma hunyonya joto kwa kasi. Watahiniwa wengi hudhani pasi dhaifu ndiyo salama. Sivyo. Pasi dhaifu hukaa muda mrefu juu ya kifaa, na joto hupenya hadi ndani na kuharibu. Pasi yenye nguvu ya kutosha humaliza kazi kwa sekunde chache. Kumbuka pia kuwa wati ni kasi ya kutoa joto, si kiwango cha joto. Kama pasi ina kidhibiti joto, iweke karibu na nyuzi 350.

(b) Lehemu. Mafundi wengi huiita risasi. Chagua waya mwembamba wa milimita 0.8 hadi 1, wenye utomvu ndani yake. Utomvu huo hutokana na misonobari, jamii ya miti iliyopandwa pia katika shamba la miti la Meru-Usa. Kazi yake ni kuondoa oksidi juu ya metali ili lehemu ishike.

(c) Usitumie tindikali ya mafundi bati. Inafaa kwa ndoo na mifereji, lakini kwenye gitaa mabaki yake huendelea kula shaba, na baada ya miezi kadhaa kiungo hukatika.

(d) Vifaa vingine. Sponji yenye unyevu, kifyonza lehemu, koleo ndogo, kisu cha kumenyea waya na multimita.

3. Pima kabla ya kupasha moto

Kwanza jaribu waya mwingine kati ya gitaa na amplifaya. Mara nyingi kosa liko hapo. Kisha pima ukinzani wa pikapu. Hapa pikapu si gari, bali ni koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku, inayogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Pikapu nzima ya kawaida husoma kati ya kiloomu 5 na 15. Ikiwa multimita inaonyesha ukinzani usio na kikomo, waya umekatika ndani, na kulehemu tundu hakutasaidia.

4. Hatua za kulehemu

1. Chomoa gitaa kutoka kwenye amplifaya. Usifungue amplifaya yenyewe: kapasita zake huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuzimwa.
2. Chora mchoro wa nyaya kabla ya kugusa chochote, kisha funika rangi ya gitaa kwa kadibodi.
3. Pasha pasi, futa ncha kwenye sponji, na uipake lehemu kidogo.
4. Menya waya milimita 5 hivi, usokote, uupake lehemu.
5. Gusisha ncha kwenye waya na kwenye kifaa kwa pamoja, sekunde 2 hivi. Peleka lehemu kwenye kiungo, si kwenye ncha ya pasi.
6. Ondoa lehemu kwanza, kisha pasi. Usitikise mpaka igande.
7. Kagua. Kiungo kizuri cha 60/40 hung'aa na lehemu imeenea juu ya metali zote mbili. Kilichofifia au chenye umbo la kidonge hakikushika vizuri, kipashe upya.

5. Usalama

Risasi (Pb) ni sumu mwilini. Usile wala kunywa unapofanya kazi, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Moshi unaouona ni wa utomvu, nao huwasha mapafu; fungua dirisha. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

ZINGATIA: Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya sponji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Je, lehemu nayo huyeyuka mapema? Hapana. Kuchemka hutegemea sana kanieneo ya hewa. Kuyeyuka kwa metali hakubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

JIPIME

1. Pasi ya wati 40 imeunganishwa kwenye umeme wa volti 230. Tafuta mkondo na ukinzani wake.
Jibu: I = P/V = 40/230 = ampea 0.17. R = V²/P = 52,900/40 = omu 1,322.5.

2. Pasi hiyo ikitumika kwa dakika 15, inatumia uniti ngapi?
Jibu: kilowati 0.04 × saa 0.25 = uniti 0.01. Kwa hiyo gharama ya umeme si kisingizio cha kuharakisha kazi.

3. Mwanafunzi aliyeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi, akaidondosha juu ya kiungo. Kesho yake waya ulitoka. Eleza kwa nini.
Jibu: Kiungo chenyewe hakikupata joto, na utomvu uliungua kwenye ncha kabla ya kusafisha oksidi. Lehemu iliganda juu tu bila kushikamana na metali.