Ongeza chumba, mwembe ubaki

Musoma. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwa mama, Bweri. Kaka yangu anataka kuongeza chumba cha watoto nyuma ya nyumba, na fundi alikuwa ameshavuta kamba za msingi. Moja ilipita hatua mbili tu kutoka kwenye mwembe.

“Huu mama tunaukata,” alisema fundi. Mama hakujibu. Alikwenda kukaa chini yake, mjukuu mgongoni.

Mimi naandika habari za afya, na kwangu mwembe ule si pambo. Mchana bati likichemka, watoto huhamia kivulini. Embe bivu nalo huwapa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili. Lakini kaka ana hoja: watoto wanne wanalala chumba kimoja, akikohoa mmoja wanakohoa wote.

Kuacha shina limesimama hakutoshi. Mwembe una mzizi mkuu unaozama, ila mizizi mingi inayoulisha iko kwenye sentimita 60 hivi za juu, na hutambaa hata kupita matawi. Mtaro wa msingi ukiikata upande mmoja, mti unaweza kukauka taratibu au, kibaya zaidi, kuangukia chumba hichohicho siku upepo wa ziwani ukivuma.

Miongozo ya Uingereza ina kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya kwa kamba. Zungusha kamba kwenye shina usawa wa kifua, kisha zidisha urefu huo karibu mara nne. Mwembe wa mama ulitoa mita moja na nusu; yaani mita sita kila upande zisichimbwe.

Uwanja hauna mita sita. Tulibishana hadi jioni. Mwishowe chumba kimesogezwa upande wa jiko, na kona inayobaki karibu na mti itabebwa na nguzo mbili, mashimo yake yachimbwe kwa mkono, bimu ipite juu ya udongo badala ya mtaro wa mawe. Nondo zitaongezeka, na kaka amenuna kidogo. Mchanga na kokoto vitamwagwa mbele ya nyumba, kwa sababu uzito hushindilia udongo na mizizi hukosa hewa. Toroli la zege nalo halitaoshewa pale. Maji ya saruji ni makali.

Ramani imebadilika, hivyo kibali cha ujenzi kinaombwa upya manispaa. Wakati kikisubiriwa, mama anachambua dagaa palepale chini.