Bima ya Mwaka, Mavuno ya Msimu: Hesabu ya Matibabu Kitale na Bungoma

Machi ni mwezi mgumu kwa mfuko wa mkulima wa Kitale. Kuna mbegu ya kununua, mara nyingi ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzia mji huu mwaka 1956. Kuna mbolea ya ruzuku kutoka ghala la bodi ya nafaka, NCPB, shilingi 2,500 mfuko wa kilo 50. Kuna trekta la kulima na kupiga haro, na karo ya watoto haijaisha. Tangu Oktoba 2024 yupo mdai mwingine: bima mpya ya afya ya jamii. Asiye na mwajiri hutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hiyo ni karibu bei ya mfuko mmoja na nusu wa mbolea. Kwa bei ambazo NCPB ilinunulia mahindi misimu ya 2023 na 2024, ni takriban gunia zima la kilo 90.

Mahindi yenyewe hayatavunwa hadi Oktoba au Novemba. Anayechagua mbolea na kuiacha bima hajakosa akili. Amepiga hesabu ya shamba, kwa sababu bila mbolea hakutakuwa na gunia la kuuza wala bima ya kulipa mwaka utakaofuata. Matatizo mengi ya sera hii katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma huanzia hapo, kwenye kalenda ya fedha. Wanaosema ni ubishi wa watu au ujinga wao hawajaitazama kalenda hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, waziri wa afya akiwa Susan Nakhumicha, mwenyeji wa Trans Nzoia. Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo mamlaka mpya, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima uliokuwapo tangu 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Anayepata 20,000 alikuwa akilipa NHIF 750, sasa analipa 550. Anayepata 100,000 alikuwa akilipa 1,700, sasa analipa 2,750. Mwenye nacho kuchangia zaidi ni haki, na sehemu hiyo ya mageuzi naiunga mkono bila kusita.

Lakini wenye mshahara hapa ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia, na wengi wao wanaishi kwa mahindi, miwa, maziwa, boda boda na meza za sokoni. Hao hupimwa uwezo kwa maswali: paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi, chakula kinapikwa kwa moto wa nini. Majibu hayo yanaonyesha mali. Hayaonyeshi fedha zinaingia lini. Mwenye ekari tatu za miwa karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia ana nyumba ya mabati na shamba la kijani, lakini miwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa, na wakulima wa kiwanda hicho walikuwa wamezoea kungoja malipo miezi na miezi baada ya kupeleka mzigo. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30. Mkulima aliyekuwa akikidai kabla ya hapo alikuwa tajiri kwenye fomu huku nyumbani hakuna hata nauli ya kumfikisha mtoto hospitali ya Webuye.

Mpango huu unatoa nini? Zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3, hutibu bila malipo kupitia Hazina ya Afya ya Msingi, iliyopangiwa shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka. Gawanya kwa 12 upate 75 kwa mwezi. Ni kidogo, kwani Bungoma iko katika ukanda wa malaria wa Ziwa, ambako mtoto mmoja anaweza kuugua zaidi ya mara moja kwa msimu. Hospitalini, viwango vya mwanzo vya SHA vilikuwa 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida, 30,000 kwa kuzaa kwa upasuaji, na 3,360 kwa siku ya kulazwa katika ngazi ya 4. Kusafisha figo ni 10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa anayekwenda mara mbili kwa wiki hugharimu zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka. Kwa familia yenye mgonjwa wa figo, ada ya 3,600 imeokoa shamba lisiuzwe. Anayeibeza bima hii aanze kwa kuwatazama hao.

Tatizo ni kwamba kiwango kilichoandikwa hakifiki kaunta siku ile ile. NHIF ilikufa ikiwa na madeni ya hospitali yanayokadiriwa kupita shilingi bilioni 30. Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza wanaodai milioni 10 au pungufu walipwe chote, na wa zaidi ya hapo wakaguliwe kwanza. Chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kimelalamika mara kwa mara kuhusu ucheleweshaji. Chukua hospitali ya vitanda 30 katika mji mdogo kama Kimilili au Kiminini. Wauguzi wanataka mshahara mwisho wa mwezi, mwenye jumba anataka kodi, na msambazaji wa dawa aliyezoea kukopesha akiona deni linakua hudai taslimu. Mwenye hospitali hana pa kwenda ila kwa mgonjwa, naye humwomba amana kabla ya kulazwa. Deni la serikali limekuwa bili ya mama.

Bungoma iliwahi kuona mwendo huu ukifika mwisho wake, na ushahidi uko katika kumbukumbu za mahakama. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza uzazi wa bure katika hospitali za umma. Hospitali ya wilaya ilipangiwa kurudishiwa 5,000 kwa kila uzazi, na akina mama wakaja kwa wingi. Agosti 8 mwaka huo mama mmoja alifika hospitali kuu ya Bungoma. Aliambiwa anunue pamba na dawa ya kuchochea uchungu. Vitanda vilijaa, akajifungua sakafuni kwenye korido, akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi, na mtu akayarekodi hayo kwa simu. Alikwenda mahakamani. Machi 22, 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi, akasema serikali kuu na ya kaunti zilishindwa kutenga rasilimali za kutosha na kuisimamia sera yao wenyewe.

Ukatili wa makofi hauna udhuru. Lakini ile pamba inastahili kukumbukwa na kila anayepanga bajeti ya afya. Hospitali iliacha kutoza ada iliyokuwa ikinunulia vitu vidogo, fidia ikachelewa, wateja wakaongezeka, pamba ikaisha. Pamba ya elfu chache ikazaa hukumu ya mamilioni, na mwili wa mwanamke ukabeba tofauti.

Pengo hilo ndilo linalolisha biashara iliyo nje ya lango la karibu kila hospitali ya umma, kuanzia Kitale hadi Webuye. "Mama, dawa hii haipo, jaribu hapo nje." Hapo nje kuna kemisti, maabara, na mahali pa kupiga eksirei. Wenye maduka hayo wamewekeza mahali penye uhitaji, na mara nyingi ndio wanaookoa maisha usiku. Hata hivyo dawa iliyonunuliwa hapo hailipiwi na kadi ya mtu. Mgomo ukija, kama ule wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024, foleni yote huhamia kwao na kwa hospitali za misheni kama Lugulu na Misikhu.

Ugonjwa ukizidi, safari ni Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Bima hailipi nauli ya matatu, chakula cha anayemsindikiza mgonjwa wala siku alizokosa kulima. Kwa saratani kikomo cha mwanzo kilikuwa 550,000 kwa familia kwa mwaka. Zikiisha, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa, shemeji na binamu walioko Nairobi wanaombwa, na ndama anapelekwa sokoni.

Watu hawakukaa tu. Mwaka 2012 mpango wa afya wa AMPATH ulianzisha Bungoma vikundi vya wajawazito vinavyoongozwa na wahudumu wa afya wa kijiji, vikaenea baadaye Trans Nzoia. Mama hujifunza, huweka akiba, na siku ya uchungu ana nauli. Chama cha aina hiyo hukubali shilingi 50 leo na 100 wiki ijayo. SHA, kwa upande wake, ilianzisha mwaka 2025 mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, na serikali ikatangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Vyote viwili ni hatua. Vinamwacha katikati mkulima asiye fukara wa kulipiwa wala mwajiriwa wa kukatwa, ambaye mkopo wa Machi unakuwa deni juu ya deni la mbolea.

Wapo wanaotaka ada ikatwe NCPB au kiwandani. Ingewafikia wachache, kwani sehemu kubwa ya mahindi huuzwa shambani kwa dalali anayelipa taslimu. Hofu ya SHA pia ni ya kweli: ukiruhusu malipo ya mwezi, wengi watalipa mwezi wanaougua tu, kama ilivyokuwa NHIF. Jibu linalowezekana ni kuendelea kulipa kwa mwaka, ila mwaka wa bima wa kaunti hizi uanze na mavuno: dirisha lifunguliwe Oktoba, lifungwe mwisho wa Januari, na aliyelipa msimu uliopita asifungiwe kadi kabla ya hapo. Ekari iliyotunzwa hapa hutoa magunia 15 hadi 20. Wakati huo, gunia moja linapatikana.