Pikapu Haivuti? Hewa Ndiyo Haba

Nyuma ya pampu ya dizeli ya pikapu kuukuu, iwe Hilux ya injini ya 2L, 3L au 5L, iwe Isuzu TFR ya zamani iliyounganishwa hapa hapa Nairobi, kuna skrubu fupi iliyobanwa kwa nati. Kiwandani hufungwa kwa namna ya kuwazuia watu wasiichezee. Katika gereji za jua kali za Kawangware na Kibera, kizuizi hicho hakina maisha marefu. Mwenye gari analalamika kwamba pikapu haivuti. Fundi analegeza nati, anaingiza skrubu robo mzunguko, wakati mwingine hata chini ya hapo, kisha anakaza. Kwa kuwa skrubu hiyo hiyo huipandisha injini mbio hata kabla ya mguu kugusa mafuta, anahamia skrubu ya pili kuituliza. Akizidisha, injini hupanda na kukataa kushuka. Hakuna kipuri kilichonunuliwa, kazi imekwisha kabla chai haijapoa, na mteja akipanda mlima anaapa kwamba gari ni jipya. Ninachoshindwa kukielewa ni hiki: jiji lililo mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako injini inakosa hewa, limewezaje kushawishika kwamba dawa yake ni kuongeza mafuta?

Hesabu yenyewe haina siri. Kilo moja ya dizeli huhitaji kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na injini ya dizeli huhitaji zaidi ya hapo kwa sababu mafuta hayapati muda wa kuchanganyika vizuri ndani ya silinda. Mgandamizo wa hewa Nairobi uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo, inayovuta hewa kwa nguvu zake tu, inaipata hewa hiyo nyepesi na haina njia ya kuiongeza. Kwa hiyo pampu iliyopimwa kwa ajili ya pwani, kama haina kifaa cha kufidia mwinuko, tayari inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Panda hadi Limuru na pengo linazidi kupanuka. Ukiingiza skrubu, sehemu ya nyongeza huungua na kuvuta kweli. Sehemu nyingine hutoka kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi, nayo ni pesa ya mwenye gari, kwa bei ambayo mamlaka ya nishati, EPRA, huitangaza kila mwezi.

Haya yote fundi wa dizeli aliyekomaa anayajua, na ndiyo maana siwezi kuungana na wanaomcheka. Hana mashine ya kupima nguvu za injini. Ana sikio, kiganja na ekzosi. Moshi mweusi akikanyaga mafuta, kwake ni dizeli iliyozidi au hewa iliyozibwa. Mweupe unaochoma macho asubuhi ni dizeli isiyoungua. Wa samawati ni oili inayopanda. Mwachie gari bila kumharakisha, naye ataanza na kichujio cha hewa, maana vumbi la barabara za Gatina na Kabiria huziba kichujio mapema kuliko kitabu cha gari kinavyodhani. Atashuka kwenye chujio la dizeli, atatoa nozo zikapimwe kama zinanyunyiza au zinatiririsha, atasikiliza vali, atahakikisha pampu haijachelewa wala kuwahi. Skrubu, kwa mpangilio wake, ni ya mwisho. Inakuwa ya kwanza kwa sababu moja tu: mteja anataka gari saa hiyo, kesho alfajiri akapakie kabichi soko la Marikiti za kupeleka soko la Toi, na yuko tayari kulipia mzunguko wa spana, si siku nzima ya uchunguzi.

Kuna pingamizi ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba inafanya kazi. Kweli, lakini inafanya kazi kwa mkopo. Dizeli iliyozidi huongeza joto la pistoni za alumini, huosha oili kwenye kuta za silinda, na dereva anayekanyaga mlimani akiwa na mzigo kupita kiasi huishia na gari linalochemsha, kisha gasketi, kisha hedi. Deni hulipwa miezi baadaye, pengine kwa fundi mwingine, na hakuna anayeikumbuka robo mzunguko ile. Ya pili ni kwamba basi gari lifungiwe turbo kuukuu kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Hilo angalau linaleta hewa, ila injini hizi za Hilux hubana hewa kwa uwiano wa 22 kwa 1 hivi na hazikuundwa kusukumiwa zaidi. Turbo hudai njia ya oili, mabomba na dizeli iliyopimwa upya. Bila hayo ni bomu la gharama.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito: moshi wa pikapu moja ni nini mbele ya majiko, taka zinazochomwa na matatu? Jibu langu ni kwamba mahali pana uzito wake. Mnamo Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na huku kwetu ekzosi inapumulia kwenye kimo cha karai la chapati na uso wa mtoto. Wala si aibu ya maskini peke yake. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kuwa zaidi ya pikapu nusu milioni za dizeli zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya kudhibiti moshi katika mwongo mmoja, nyingi kwa kutafuta nguvu. Sisi tuna Kanuni za Ubora wa Hewa na ukaguzi wa mamlaka ya usafiri, NTSA, wa kila mwaka kwa magari ya biashara. Skrubu inaweza kurudishwa siku moja kabla ya ukaguzi na kuingizwa tena siku inayofuata. Nani atalijua hilo? Na pikapu iliyoongezwa mafuta na springi ili ibebe zaidi, breki zake zilizobaki vilevile nani anazipima?

Mwenye pikapu, kabla hujasema gari halivuti, mlipe fundi wako siku nzima: kichujio, nozo, vali, breki. Ukishaendesha wiki moja na bado unaona halivuti, punguza mzigo.