Tuzo Ziwaendee Wenye Mali

Lugha yetu ya maendeleo ina neno ambalo tumelizoea mno hata hatuuoni tena ubaya wake. Neno lenyewe ni walengwa. Soma ripoti ya mradi wowote ulioandikwa kwa Kiswahili, nawe utakutana na walengwa wa maji, walengwa wa mikopo na walengwa wa mbegu bora. Neno hili limetokana na kitenzi kulenga, na anayelenga ni yule aliyeshika upinde. Mlengwa hana la kufanya ila kusimama alipo na kuungoja mshale umfikie. Kisarufi yumo katika kauli ya kutendwa, na mara nyingi ndivyo alivyo katika maisha pia.

Tofauti baina ya mlengwa na mwenye mali haionekani wazi mahali popote jijini Nairobi kama inavyoonekana Lavington. Mashirika mengi ya misaada yana ofisi katika mtaa huo, nyuma ya nyua za michongoma iliyokatwa vizuri. Ukiifuata barabara ya Gitanga kuelekea magharibi, mwendo mfupi tu, unaingia Kawangware. Katika majalada ya ofisi hizo, mkazi wa Kawangware ni mlengwa. Lakini mkazi huyo huyo, akifika katika chama chake jioni, ana hisa, ana kura, na ana haki ya kumtaka mweka hazina aeleze kila shilingi ilikokwenda. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni kauli ya kitenzi.

Nayasema haya kwa kuwa siku hizi kuna tuzo nyingi za kuitambua miradi inayopunguza umaskini. Ni jambo jema. Hata hivyo, yafaa tujiulize: tuzo hizo humtambua nani? Aliyetoa fedha, aliyeandika ripoti, au jamii inayoumiliki mradi?

Tuzo ya Ikweta, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2002, imejaribu kulijibu swali hili. Huwaendea wanajamii wenyewe wanaopambana na umaskini huku wakiyahifadhi mazingira yao. Kenya haikuachwa nyuma. Mwaka 2002 tuzo ilikwenda kwa Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, wanaomiliki kwa pamoja nyumba ya kulaza watalii iliyofunguliwa mwaka 1996. Mwaka 2010 ilikwenda kwa wakulima wa kikundi cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, wanaokuza mmea wa dawa na kutengeneza marhamu ya kuuza. Na mwaka 2017 ilikwenda kwa Mikoko Pamoja, kaunti ya Kwale.

Mradi huu wa mwisho una mafunzo makubwa. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mwaka 2013 kuhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, yaani malipo kwa ajili ya hewa chafu ambayo miti hiyo huizuia isiharibu anga. Watafiti wa Kenya na wa ng'ambo walisaidia katika kupima na kuhesabu. Lakini mapato yanapofika, wanavijiji hukutana na kuamua yatumiweje. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule. Si fedha nyingi zikilinganishwa na bajeti za mashirika makubwa, ila zina sifa moja adimu: wanaozitumia ndio waliozitafuta.

Huenda msomaji akauliza: je, msitu wenyewe si wa serikali? Naam, mikoko ya pwani ni msitu wa umma. Ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliyozipa jamii nafasi ya kuunda vyama na kutia saini mikataba ya kuitunza misitu pamoja na serikali. Kwa hiyo umiliki tunaouzungumzia hapa si hati ya ardhi pekee. Ni uwezo wa kuamua, wa kukagua, na wa kumwondoa kiongozi asiyefaa.

Hapo ndipo penye kipimo ambacho kila mwenye kutoa tuzo angepaswa kukitumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tusiishie kwenye picha ya mwenyekiti aliyeshika hundi. Tuulize: daftari liko wapi, na nani anaweza kulisoma? Nyaraka za biashara ya kaboni huandikwa kwa Kiingereza kwa kawaida, na katiba za vikundi vingi vivyo hivyo. Mvuvi aliyepiga kura mkutanoni kwa Kiswahili anarudi nyumbani akiwa mmiliki wa mali ambayo maelezo yake hawezi kuyasoma. Mmiliki wa namna hiyo yumo hatarini kurejea kuwa mlengwa bila kujua. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni sababu ya hesabu za kijiji kukaa katika lugha moja tu ya hizo mbili.

Walimu hawahitaji kwenda mbali ili kulielewa jambo hili. Chama chao cha akiba na mikopo, kilichoanzishwa mwaka 1974, kilikuzwa na makato ya mishahara yao wenyewe. Hakuna aliyewaita walengwa, nao hawangekubali kuitwa hivyo. Wanafunzi nao wanaweza kupewa kazi yenye manufaa: wachukue katiba ya kikundi kimoja cha mtaani kwao, waitafsiri kwa Kiswahili chepesi, kisha waisome mbele ya wanachama. Watajifunza tafsiri, sheria na hesabu kwa pamoja, na mama mmoja au wawili watagundua haki ambazo hawakujua kuwa wanazo.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imevifungulia vikundi hivi mlango wa kutambuliwa rasmi. Usajili ni mwanzo mwema, na tuzo ni heshima. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata akitunukiwa kombe. Tuwape tuzo wale wanaolijua daftari lao, na tuwasaidie wengine walisome.