Kisha kurekebisha supape, zungusha moteri na mkono kwanza

Ndugu wenzangu wa masomo, kwetu Kabambare pikipiki ndiyo taksi, ndiyo gari ya mizigo, na mara mingi ndiyo ambulansi. Kufika Kasongo ni zaidi ya kilometa 100. Leo naandika juu ya dakika tano ambazo mafundi wengi wanaziruka: kisha kurekebisha supape, mbele ya kupiga kiki.

Tuanze na sababu. Shafti ya chini, ile pistoni inaizungusha, ikienda mara mbili, shafti ya juu yenye kufungua supape inaenda mara moja tu. Sheni ndogo ndiyo inaziunganisha. Moteri ikifanya mizunguko 6000 kwa dakika, kila supape inafunguka mara 50 kwa sekunde. Hapo neno "karibu karibu" halifai.

Kugeuza skuru za kilibiteri peke yake hakuhamishi kitu. Lakini fundi akigusa pinyo ya juu, ao kifaa chenye kukaza sheni, jino moja linaweza kuruka. Kwa pinyo ya meno 32, jino moja ni digrii 11 na robo juu, na 22 na nusu chini. Pikipiki inawaka kwa shida, inapiga risasi kwa eshapema, nguvu inakufa kwa kilima. Meno yakiruka mengi, pistoni inaweza kugonga supape na kuipinda.

Mimi napima hivi:

1. Moteri iwe baridi. Toa buji. Kwa pikipiki mingi kuko vizibo viwili kwa karteri ya kushoto, vifungue.

2. Zungusha na ufunguo, upande ule moteri inazungukaka, mpaka herufi T ilingane na alama ya karteri. Usichanganye na F: ile ni ya moto wa buji.

3. Tazama pinyo ya juu. Alama yake ilingane na ile ya kulasi.

4. Shika kilibiteri zote mbili. Zicheze kidogo. Kama T iko sawa lakini zimekaza, uko kwa hatua ya kutoa moshi: ongeza mzunguko moja kamili, kisha pima tena nafasi za supape.

5. Zungusha mara mbili kamili. Alama zote zirudi palepale. Ikigoma katikati, simama! Usilazimishe, na usipige kiki. Fungua, utafute sababu.

Angalisho: moteri za aina ya CG hazina sheni ile. Shafti ya supape iko chini, inazungushwa na pinyo, na fimbo mbili ndizo zinasukuma kilibiteri. Huko utapima T na kilibiteri tu.

Motari mingi hapa anatumikia pikipiki ya mwingine. Supape ikipinda, kulasi inafunguliwa, pesa ya mwenye pikipiki inakosekana, na watoto wanangojea nyumbani. Na kama ni njiani, pengine nyuma kuko mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Basi ukipeleka pikipiki kwa fundi, simama karibu. Mbele ya kiki ya kwanza mwambie: "Fundi, zungusha kwanza mara mbili, tuone T." Fundi wa kweli hatakasirika.