Mche wa bei rahisi, maji ya bei ghali

Anayejenga Kibakwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, hununua miche kwa jicho: ua limechanua, kiriba ni chepesi, bodaboda anasubiri. Hesabu yenyewe huanza Mei, mvua ikishakata.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Ukipanda uzio wa miche kila nusu mita unahitaji miche 200. Ipe kila mmoja lita tano mara mbili kwa wiki, tayari umemwaga lita 2,000, yaani madumu 100 ya lita 20. Kwa wiki 26 za kiangazi ni madumu 2,600. Hapo bei ya mche inasahaulika.

Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, nyumba zimeongezeka na wateja wa maua pia, lakini wengi bado wanataka bustani ya Dar es Salaam.

Mshindani mkubwa wa vitalu hauzwi: mnyaa. Unakata matawi kwenye uzio wa jirani, unayaacha kivulini siku chache utomvu ukauke, unayachomeka mvua zikikaribia. Mbuzi hawaugusi. Lakini utomvu ukiingia jichoni ni hatari kubwa, hivyo penye watoto upandwe mbali na mlango.

Kwa muuza miche, faida naiona kwenye bogenvilia. Msimu wa kwanza inadai maji. Ikishazamisha mizizi, kiu kidogo huizidishia maua, na miiba yake ni uzio tosha. Mshubiri nao hauna makuu. Olianda inavumilia ukame vizuri mno, ila ni sumu kwa mifugo na watu, na muuzaji anayelinyamazia hilo mbele ya mfugaji wa Kigogo hamtendei haki.

Wilayani Mpwapwa kwenyewe kuna njia isiyohitaji kiriba. Shirika la LEAD Foundation, pamoja na lile la Justdiggit, wanawafundisha wakulima Kisiki Hai: kuchagua na kupogolea machipukizi ya visiki vilivyomo shambani badala ya kupanda upya. Kwenye viwanja vya nyumba tunafanya kinyume. Kibarua wa kusafisha anaanza kwa kung'oa mti wa mkole uliojiotea, wenye mizizi iliyokwishapita viangazi vingi, kisha mwenye nyumba anatuma bodaboda akamletee mche.