Wakimbizi waliobadili jinsia Nakivale: kwa nini ukatili hauripotiwi

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo yanawahifadhi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Miongoni mwao wamo watu waliobadili jinsia. Baadhi yao walikimbia vita pamoja na jamaa zao. Wengine waliwakimbia jamaa hao hao.

Ni nani aliyebadili jinsia?

Ni mtu anayejitambua kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Wengi hawajafanyiwa upasuaji wowote. Jambo hili halielezi mtu anampenda nani, kwa hiyo si sawa na mapenzi ya jinsia moja. Shirika la Afya Duniani halihesabu hali hii kuwa ugonjwa wa akili. Orodha yake mpya ya magonjwa ilianza kutumika Januari 2022.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa hifadhi pia anayeteswa kwa kukataa mila zinazobagua kijinsia, kama vile kulazimishwa mavazi au ndoa.

Hata hivyo, Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria ya kupinga mapenzi ya jinsia moja, yenye adhabu ya kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa yaliyotajwa kuwa mazito zaidi. Sheria hiyo inalenga matendo, lakini mitaani mavazi, sauti na mwendo wa mtu huchukuliwa kuwa ushahidi tosha.

Hapo ndipo ukatili unapopata maficho. Aliyepigwa huogopa kwenda polisi, asije akageuzwa mshtakiwa. Naye aliyempiga hutambua kwamba hatashtakiwa.

Mjini Mbarara

Wapo wanaouona mji wa Mbarara, ulio karibu na Nakivale, kuwa mahali pa kuishi bila kujulikana. Huko tatizo la kwanza ni nyumba ya kupanga. Sheria ya 2023 ilitishia kumwadhibu mwenye nyumba aliyempangisha mtu kwa ajili ya matendo hayo, na ikawataka raia kutoa taarifa.

Tarehe 3 Aprili 2024, Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ilifuta vifungu hivyo viwili kwa kuwa vilikiuka haki, zikiwemo za afya na faragha. Mwenye nyumba ambaye hajapata habari hiyo bado anaweza kumtoa mpangaji nje kwa kuogopa adhabu iliyokwisha kufutwa. Mhudumu wa afya naye anaweza kudhani kwamba bado analazimika kumripoti mgonjwa.

Kwa nini uelewa ni muhimu?

Uelewa haumtaki mtu aache dini wala mila zake. Unamtaka ajue kwamba kumpiga mtu ni kosa la jinai nchini Uganda, awe nani aliyepigwa. Kwa wasikilizaji wenye ndugu Nakivale au Mbarara, mazungumzo ya simu na viongozi wa dini, wazee wa jamii na wenye nyumba yanaweza kufikisha habari hiyo.